Tuseme Hapa Ni Juu

Mimi nauza viatu vya mtumba katika soko la Busia, upande wa Uganda, na kwa miaka kumi na moja meza yangu ilipakana na meza ya mwanamke aliyeuza sidiria. Za mtumba pia. Kazi ile si ya kila mtu. Mteja anakuja amejitanda leso, anaona haya, hataki kutaja namba yake, na wengi hawaijui. Jirani yangu alimtazama mara moja tu, kama fundi anavyotazama mlango, akaingiza mkono kwenye rundo na kutoa inayomtosha. Sikuwahi kumwona akikosea. Ningejua, maana mimi huhesabu kila kitu mara mbili: viatu asubuhi, viatu jioni, nguzo za umeme njiani, hata makosa ya wenzangu.

Tulikuwa wanawake wawili, tuliitana jirani. Yeye alikuwa mzaliwa wa Petta, mimi wa Buhehe. Kiswahili changu nilikisoma ng'ambo, kwa shangazi yangu aliyeolewa Kenya, na changu kilinyooka kuliko chake. Chake kiliuza zaidi.

Siku moja mvua ilikuwa imewafukuza wateja. Aliniita nyuma ya pazia la leso ambako wateja walijipimia.

"Jirani, leta kidole. Weka hapa. Hii kitu ni kama nini?"

Niliweka, upande wa kushoto, karibu na kwapa. "Kama kunde."

"Kunde mbichi ama kavu?"

"Kavu."

"Basi ni kidogo," akasema, akafunga vifungo vya blauzi, akachungulia nje. "Kastoma! Wewe mama wa mwavuli! Njoo, saizi yako iko!"

Baada ya hapo mimi ndiye niliyekuwa mizani. Kila baada ya wiki chache ananiita nyuma ya leso, naweka kidole, nataja. Harage. Harage kubwa, lile la madoa. Krismasi ilipopita nilitaja yai la kware, na hakucheka. Sikuongeza wala sikupunguza. Kwa uzito wa vitu huwa sisemi uongo.

Nilimwambia aende hospitali kubwa. Nilimwambia asubuhi na nikarudia jioni. Jibu lake lilikuwa moja, dada yake. Dada yake alikwenda, akakatwa, akarudi nyumbani Petta na kifua kimoja tambarare kama meza, na mahindi aliyoyaacha machanga shambani yalivunwa na watu waliokuja matangani. "Kisu ndiyo ilimuua," alisema. Nilimjibu kwamba dada yake alichelewa, kwamba alikwenda tayari kuna kidonda. Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayeniambia kiatu hiki ng'ambo kinauzwa nusu bei. Akaendelea kunywa dawa ya majani aliyotumiwa na mama yake mdogo katika chupa ya soda.

Sasa nieleze jambo la kazi yetu, maana bila hilo yaliyobaki hayataeleweka. Kuna mambo mawili ambayo muuzaji wa mpakani hafanyi. La kwanza, hamwulizi mteja, "Wewe unataka nini ndiyo ununue?" Ukiuliza hivyo umemkabidhi meza. La pili, mteja akikataa bei na kugeuka, humwiti hapo hapo. Unampa hatua. Wala humtazami. Unajishughulisha kupanga viatu kama vile hajawahi kuzaliwa, masikio tu ndiyo yanamfuata. Anayekitaka kitu, ndala zake zinapunguza mwendo, unazisikia. Unamwachia afike mbali kiasi cha kuona aibu kurudi mwenyewe, halafu unamwita, na anakuja kwa bei yako. Ndala zikienda kasi, huyo mwache. Kipimo changu kilikuwa hatua kumi. Soko zima lilikijua, na jirani yangu alinicheka kwacho.

"Wewe na hatua kumi yako! Mutu amefika Malaba, amepanda lori, ndiyo wewe unasema 'mama rudi.'"

"Wanarudi," nilimwambia. Na kweli walirudi.

Januari ile, kiangazi kimekaza, nilivunja sharti la kwanza. Nilichoka. Nilimgeukia nikamwuliza, "Jirani, wewe unataka nini ndiyo uende hospitali?"

Aliacha kukunja. Alijua nimekosea, na nikajua kwamba amejua.

"Jiwe la Tororo," akasema, akanyoosha kidole upande huo, ingawa kutoka mezani kwetu hakionekani kitu ila mabati na malori. "Mimi nimezaliwa Petta. Kila asubuhi nafungua mulango, naliona. Miaka arobaini na tatu nalitazama. Halijaniita hata siku moja. Tunapanda. Tukifika juu, nakwenda hospitali, wakate mahali wanataka. Tukikosa kufika, wewe unafunga mudomo. Huniulizi tena."

"Hata kidogo?"

"Hata kwa macho."

Tukapeana mikono juu ya rundo la sidiria. Niliona nimepata bei nzuri. Jiwe lenyewe, kilima kizima cha mwamba, limejengewa ngazi, watoto wa shule wanapanda wakiimba. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nani atakaa kwenye meza yake akiwa hospitalini.

Tulikwenda Jumapili. Ibada tulikosa, alisema Mungu atatuona vizuri zaidi tukiwa karibu naye. Yeye alikuwa na leso, muhogo wa kuchemsha na njugu za kukaanga. Mimi nilikuwa na maji, chupa nne, na viatu. Nilikuwa nimemchagulia raba kutoka kwenye mzigo wangu, nyeupe, soli nene, hazijachakaa hata kidogo.

"Hizi nazirudisha?"

"Zirudi safi."

"Nikifa ndani yake?"

"Vua kwanza."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Niliona alipoushika, na niliona ni upande gani.

Chini ya jiwe alikuwepo mzee mmoja na kitabu cha wageni na stakabadhi. Alitupima kwa macho.

"Nyinyi wawili nakwenda juu? Raia ama wageni?"

"Raia anapanda kwa ngapi?" jirani yangu akauliza.

Mzee akataja.

"Na mugeni?"

Akataja, na ilikuwa mbali sana.

"Basi sisi raia."

"Raia wa wapi, mama?"

"Wa hapo kwa bei kidogo."

Mzee hakutabasamu, lakini aliandika. Alituambia tusiwape nyani chakula, na tukiona jua limekuwa kali tupumzike. Jua lilikuwa kali tangu kwenye geti. Majani yote yalikuwa yameungua rangi ya mkate, na vumbi lilisimama hewani kama halina pa kwenda.

Ngazi za mwanzo ni za saruji. Nilihesabu kwa sauti, naye akaniambia ninamchosha, kwa hiyo nikahesabu kimya. Alipanda vizuri. Alikuwa mbele yangu, mkono wa kulia kwenye ukingo, wa kushoto ameubana kifuani kama mtu aliyebeba kuku kwapani. Tulipofika mahali penye kivuli aliketi, akafungua muhogo. Vijana wanne walikuwa wanashuka, wanafunzi, jasho limewaosha.

"Bado mbali?" niliwauliza.

"Bado kidogo tu, mama."

"Huyo anadanganya," jirani yangu akasema walipopita. "Hata mimi nikiuza sidiria imepasuka nasema kidogo tu."

Alikula kipande kimoja, vingine akavirudisha. Kutoka pale mji ulianza kuonekana, na reli, na mashamba yamekatwa vipande vipande. Alitafuta Petta kwa kidole. Akasema lazima iwe kule, nyuma ya ule moshi, lakini vumbi lilikuwa zito na hakuwa na hakika.

"Dada yangu alisema kitu," akaniambia, bila kunitazama. "Usiku wa mwisho. Alisema, 'Wangeniomba vizuri ningekwenda mapema.'"

Nilimwuliza alimaanisha nini, maana nilijua watu wa kwao walimsihi yule dada miezi mizima.

"Walimupigia kelele," akasema. "Kupiga kelele si kuomba."

Nililisikia. Nililiweka mahali, kama chenji unayoiweka mfukoni bila kuitazama. Nikamwambia tuondoke kabla jua halijafika utosini.

Baada ya hapo ni ngazi nne za chuma, zimefungwa kwenye jiwe lenyewe. Ya kwanza alipanda, ya pili akapanda huku anahema. Nilikuwa nimehesabu vipandio mia tatu na kumi na mbili vya kila aina, na niliporudia kichwani vikawa mia tatu na tisa, jambo lililonikera. Ya tatu ilikuwa imesimama wima kuliko wenzake. Unahitaji mikono miwili. Chuma kilikuwa cha moto, akakizungushia leso, akashika kwa mkono wa kulia, akainua wa kushoto.

Haukuinuka. Ulifika usawa wa bega ukasimama. Alijaribu tena, akapanda vipago viwili, akashuka.

"Hii mukono inakataa," akasema.

Ninaandika jambo lililo gumu kwangu. Sikumwamini. Kwa miaka kumi na moja nilimwona mwanamke yule akiugua mbele ya wateja. Nilimwona akishika kichwa kwa bei ndogo, akilegea magoti, akisema watoto hawajala, na mteja akishaongeza, amepona. Alikuwa hodari kuliko sisi wote. Nikasema moyoni, huyu ameanza.

"Pumzika, halafu tupande," nilimwambia.

"Jirani." Aliketi kwenye jiwe, uso umepauka. Alitazama chini, akatazama juu, kule penye minara ya simu. "Angalia ile miti. Iko chini yetu. Ndege nao wako chini. Tuseme hapa ni juu."

"Juu ni pale penye minara."

"Hapa na pale tofauti ni nini? Ngazi mbili. Punguza."

"Hatukupatana nusu."

"Punguza kidogo, jirani. Tuseme hapa ni juu, tushuke."

Nilitikisa kichwa. Nilisema, na sauti niliyoitumia ni ile ya mezani, "Bei ni ile ile."

Alisimama, akakunja leso yake katika nne, taratibu, kama anavyofunga mzigo jioni. "Basi sinunui," akasema, akageuka kushuka.

Nami nikafanya kazi yangu. Nikampa mgongo. Nikajishughulisha na kifuniko cha chupa. Nikahesabu: moja, mbili, tatu. Masikio yangu yalimfuata, lakini raba zile hazina sauti. Soli nene, hazijachakaa, nilizichagua mwenyewe. Kama angekuwa na ndala ningesikia. Kumi ilipofika nilijiambia, huyu si mteja wa kawaida, huyu anajua kipimo changu, mwache afike ishirini. Ishirini ilipofika nikageuka. Kona ilikuwa imemmeza.

Hasira ilinishika. Nilipanda ngazi zilizobaki peke yangu, ili angalau mmoja wetu awe amefika, na ili akirudi anikute juu nimekaa. Sijui kwa nini nilikuwa na hakika atarudi. Wote walirudi.

Juu kuna minara, uzio, na upepo. Watu wanasema siku nzuri unaona mbali sana, Mlima Elgon mpaka ziwani. Mimi niliona vumbi, na upande wa Malaba foleni ya malori, madogo kama punje. Nikaanza kuyahesabu. Nilipata arobaini na moja. Nikarudia, nikapata arobaini na tatu, na ilikuwa katikati ya kuhesabu mara ya tatu ambapo mapatano yetu yalinirudia neno kwa neno.

Tukifika juu, nakwenda hospitali.

Tuseme hapa ni juu.

Niliketi chini kwenye lile jiwe la moto. Alikuwa ananunua. Mwanamke yule alikuwa ameketi pale mbele yangu ananiomba nimwuzie, tena kwa sharti alilolitoa mwenyewe, nami nikamkatalia kwa sababu ya ngazi mbili. Ningesema ndiyo, hapa ni juu, angekuwa amefika. Jumatatu angekuwa kwenye foleni ya daktari na mimi nyuma yake nimeshika mkoba. Nilirudia hesabu hiyo kama nirudiavyo kila kitu. Mara ya pili jibu halikubadilika.

Nilishuka karibu nikimbie. Nilimwita, sasa niliita, kila kona niliita "Jirani! Jirani!" kama kichaa, na nyani wakanijibu.

Alikuwa chini, kwenye benchi ya yule mzee, anakula muhogo wetu pamoja naye. Raba alikuwa amevua, amezifuta, ameziweka kando sawasawa.

"Ulifika juu?" akaniuliza.

"Nilifika."

"Vizuri. Aliyefika juu ndiye nakwenda hospitali. Si tulipatana hivyo?"

Mzee alicheka. Yeye pia alicheka, kidogo. Mimi niliketi karibu naye, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimekubali, kwamba pale palikuwa juu, juu kabisa, ndege walikuwa chini yetu niliwaona.

"Sasa tuko huku chini," akasema.

"Nimepunguza, jirani."

"Soko imefungwa." Alinipa raba zangu. "Na wewe ulisema utafunga mudomo. Hata kwa macho."

Nilifunga. Hilo ndilo kosa la pili, na sijui kama si kubwa kuliko la kwanza. Mtu mwingine, asiye mfanyabiashara, angevunja neno lake siku ile ile, angelia, angemfuata mume wa jirani yangu, angemwita mchungaji. Mimi nilishika mapatano. Tuliuza bega kwa bega Februari nzima na Machi. Hakuniita tena nyuma ya leso. Nilijifunza kutazama viatu tu. Wateja wake walipomwomba ashushe sidiria zilizotundikwa juu, aliwaambia wazishushe wenyewe.

Mvua za Aprili zilipoanza alianza kujipaka manukato, yeye ambaye hakuwahi. Mengi. Nikajua yanafunika nini. Siku hiyo nilimshika mkono mbele ya watu, nikamwambia twende, na hakubishana hata neno. Aliuliza tu nani atakaa kwenye meza.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Aliniita kando, akaniuliza kwa nini hatukuja mapema. Hakuuliza kwa ukali. Aliomba kweli kujua. Jibu nililokuwa nalo ni habari ya ngazi mbili, na hiyo sikuisema. Akasema kukata hakutasaidia tena, watampa dawa ya maumivu.

Nilikaa na jirani yangu mara nyingi siku zile. Alikuwa mwepesi, mkono umevimba kama si wake. Alasiri moja aliamka akanikuta natazama dirishani, akaniuliza ninahesabu nini.

"Vitanda," nilisema.

"Ni kumi na sita. Nimehesabu." Aligeuza uso ukutani, nikadhani amelala. Halafu akasema, "Pale kwa ngazi. Nilitembea polepole, jirani."

"Sikusikia."

"Mimi ningekuwa muuzaji, ningekuita."

Nimelichunguza neno hilo pande zote. Huenda alikuwa ananitoza tu, kwa kitu ambacho hakikuwepo tena sokoni. Tabia hiyo alikuwa nayo. Huenda hakutembea polepole. Nilitaka kumwuliza lakini alikuwa amefumba macho, na siku zilizofuata dawa zilizidi, maneno yakawa ya Kidhopadhola, lugha ya kwao, na mimi Kidhopadhola najua namba tu. Alizikwa Petta kabla ya Juni. Siku hiyo hewa ilikuwa imeoshwa na mvua, na kutoka mlangoni kwao jiwe lilionekana lote, mpaka minara. Nililigeuzia mgongo.

Mezani kwake sasa zinauzwa soksi. Aliyeichukua ni mtu mzuri, hatuongei sana. Mimi bado nauza viatu, ila si kama zamani. Mteja akikataa bei na kugeuka, siwezi kungoja. Natazama miguu yake, na hatua ya pili haijakanyaga chini nimeshaita, "Mama, rudi! Rudi, nimepunguza!"

Wateja wameshajua. Wanageuka makusudi. Wengine hata hawaulizi bei kwanza. Wanashika kiatu, wanakiweka, wanapiga hatua moja na kusimama, wakinisubiri.